Mlonge husafisha tope, floraidi hautoi

Barabara ya kutoka Karatu kupanda Ngorongoro inapita katika nchi iliyojengwa na volkano. Udongo huo unalisha mashamba yetu, lakini pia huyatilia maji ya baadhi ya visima na chemchemi madini ya floraidi. Yakizidi, meno ya mtoto huota na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki, na kwa miaka mingi mifupa huweza kupinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita.

Msomaji, huenda umesikia kwamba mbegu za mlonge husafisha maji. Ni kweli. Protini ya mbegu hizo huvutana na tope pamoja na bakteria wengi, vikashikana na kuzama chini. Kasoro yake ni kwamba unga ukibaki ndani ya ndoo huoza. Maji yakilala siku moja au mbili huanza kunuka, na vijidudu vilivyosalia hupata chakula. Ndiyo maana watafiti wamejaribu kuinatisha protini hiyo kwenye mchanga wa kuchujia. Mabaki ya unga husuuzwa, protini hubaki kwenye mchanga.

Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali hapo Karatu na mhadhiri wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alitumia mchanga pamoja na chembe ndogo mno za nano. Kichujio chake kilishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015. Kwangu mimi, ubora wake uko hapa: hutengenezwa kufuata uchafu wa maji ya mahali husika, ikiwemo floraidi.

Kwa hiyo anza kwa kujua maji yako yana nini. Ulizia ofisi ya RUWASA ya wilaya namna ya kupima floraidi. Kama shida ni tope na kuhara, tumia mlonge, chuja, kisha chemsha. Kama ni floraidi, kuchemsha kunaharibu zaidi: maji hupungua, floraidi hubaki. Mkaa wa mifupa ya ng'ombe huinasa, ila nao huchoka na lazima ubadilishwe.

Na yale magadi ya kulainishia maharage? Mengine yana floraidi nyingi. Mama mwenye watoto wadogo, loweka maharage usiku kucha, magadi uyaache.