Kufufua Gari Kuukuu la Redio kwa Fedha Kidogo

Ninyi mliokusanyika darasani, na ninyi mtakaosoma maneno haya baadaye katika karatasi, wekeni karibu daftari, penseli na kifutio. Leo kifutio kitafanya kazi msiyoitazamia, nanyi mtaiona hapo mbele. Tangu sasa nitasema na kila mmoja wenu peke yake, kana kwamba tumekaa wawili mezani na chombo kipo kati yetu.

Chombo chenyewe ni gari dogo la kuchezea linaloongozwa kwa redio. Huenda umeliona sokoni kwenye mitumba, limelala chini ya viatu na mikoba, limejaa vumbi, halina betri, wala muuzaji hajui kama ni zima au bovu. Pengine wataka kumpa mtoto wako, pengine wataka kulitengeneza uliuze. Swali ni moja: utajuaje kwamba fedha zako hazitapotea bure?

Kwanza tuone gari hili lafanyaje kazi. Redio ya nyumbani hupokea mawimbi yasiyoonekana yanayorushwa na kituo, ikayageuza kuwa sauti. Gari hili nalo lina redio ndogo ndani yake, inayoitwa kipokezi, lakini badala ya kutoa sauti hutoa amri. Wewe mkononi unashika kituo chako mwenyewe cha kurushia mawimbi. Ukisukuma kijiti, kipokezi husikia, kisha huamrisha kijisanduku kiitwacho sevo. Ndani ya sevo mna mota ndogo sana na gia, na juu yake mna mkono unaozunguka kushoto na kulia. Mkono huo ndio unaovuta magurudumu ya mbele yakakata kona. Na mota kubwa, iliyo nyuma, huzungusha magurudumu ya nyuma kwa kupitia sanduku la gia. Betri hulisha vyote hivyo.

Sasa, magari haya ni ya aina mbili, na hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea. Aina ya kwanza ni ya kuchezea tu. Ukilifungua utakuta kibao kimoja cha umeme kinachofanya kazi zote, na sehemu zake haziuzwi mbalimbali. Kibao kikiungua, gari limekwisha. Aina ya pili hutengenezwa kwa watu wenye kupenda ufundi. Kila sehemu ni mbali na mwenziwe: kipokezi peke yake, sevo peke yake, mota peke yake, na zote zimefungwa kwa skrubu. Hili hata likiwa limekufa kwa miaka ishirini, laweza kufufuliwa.

Nitakupa mfano wa gari moja la aina hii ya pili. Huko Japani, katika mji wa Shizuoka, iko kampuni iitwayo Tamiya. Ilianza mwaka 1946 kwa biashara ya mbao, baadaye ikaingia katika vitu vya kuchezea vya kuunga kwa mkono. Mwaka 1976 ilitoa gari lake la kwanza la redio, mfano wa Porsche 934. Mwaka 1984 ikatoa gari la mchangani liitwalo Grasshopper, maana yake panzi. Liliuzwa kwa bei nafuu, kwa hiyo watoto wengi wa Ulaya, Marekani na Japani walianzia hapo. Muundo wake ni mwepisi: bodi ya plastiki ngumu, springi chache, na mota ndogo. Mwaka 2005 kampuni ilitoa tena gari lilo hilo, na sehemu nyingi za toleo jipya huingia katika lile la zamani. Ndiyo sababu namtaja panzi huyu. Kitu kuukuu ambacho sehemu zake bado hutengenezwa si mzigo.

Haya, uko sokoni na gari li mkononi. Usitazame rangi. Ligeuze chini juu, uzungushe gurudumu moja la nyuma kwa kidole. Gurudumu la pili likizunguka kwa upande wa kinyume, gia za ndani zinashikana vema. Ukisikia mkwaruzo au kuruka-ruka, jino la gia limevunjika. Sukuma magurudumu ya mbele taratibu kushoto na kulia. Kisha sogeza pua karibu na mota unuse. Mota iliyoungua ina harufu kali isiyopotea upesi.

Mimi huchukua pia betri mbili za tochi na vipande viwili vya waya mfukoni. Mota ya gari kama hili kwa kawaida huwa na nyaya mbili zilizounganishwa kwa vichwa vya kuchomeka. Zichomoe, uguse ncha zake kwa betri zako. Mota nzima itazunguka polepole. Isipozunguka, lisukume gurudumu kidogo kwa mkono ujaribu tena, maana pengine imelala muda mrefu tu. Muuzaji asipokuruhusu kujaribu, mpe bei ya gari bovu. Wala usione haya, yeye mwenyewe angefanya hivyo.

Sasa nikueleze kosa langu. Gari langu la kwanza nililinunua kwa mtu sokoni, nikafika nalo nyumbani, nikatia betri. Magurudumu ya mbele yalikata kona vizuri, lakini gari halikwenda. Nikasema, bila shaka ni mota. Nikanunua mota mpya kwa fedha ambazo mke wangu alikuwa ameziweka kwa ajili ya mafuta ya kupikia. Nikaifunga. Gari halikwenda. Siku ile nyumbani kwangu hapakuwa na mazungumzo mengi.

Ugonjwa ulikuwa wapi? Magari mengi ya miaka ile hayakuwa na kifaa cha umeme cha kupimia mwendo. Yalikuwa na sevo ya pili inayosukuma kijimkono juu ya vibati vidogo vya shaba. Kijimkono kikikaa kwenye kibati hiki, gari huenda polepole. Kikisogea kwenye kile, huenda kwa kasi. Vibati vile vikikaa miaka bila kazi huwa vyeusi, na umeme haupiti. Nilivisugua kwa kifutio cha penseli mpaka vikang'aa, nikapangusa unga wa kifutio kwa kitambaa kikavu. Gari likaruka mezani. Mota ya zamani ilikuwa nzima tangu mwanzo!

Basi tangu siku ile sinunui kitu mpaka nijue ni sehemu gani imekufa. Nawe fanya vivyo hivyo, kwa utaratibu. Anza na betri, kwa kuipima. Ufuate vibati vya betri na plagi. Kisha mota, kwa betri za tochi kama nilivyoeleza. Kisha vibati vya mwendo. Kipokezi na sevo viwe vya mwisho, kwa kuwa hivyo huharibika mara chache kuliko watu wadhanivyo. Andika kila jaribio katika daftari: umejaribu nini, kimetokea nini. Ukiacha kuandika, kesho utarudia jaribio la jana.

Kuna ugonjwa mwingine unaofaa kutajwa. Gari linakwenda, lakini linatetemeka na kugeuka lenyewe. Umewahi kusikia redio ikikwaruza pikipiki inapopita karibu? Cheche za umeme ndizo zinazoingilia mawimbi. Mota ya gari hutoa cheche vilevile, na ili kuzizima hufungwa kapasita ndogo tatu kwenye mwili wake. Moja ikikatika, kipokezi husikia kelele badala ya amri. Fundi redio wa mtaani kwenu atakulehemia nyingine kwa bei ndogo.

Tufike kwenye kusafisha. Kabla ya kufungua gari tafuta bahasha kuukuu au vikopo. Kila skrubu unayoitoa uitie katika bahasha, na juu yake uandike ilikotoka: "gurudumu la mbele kushoto", "sanduku la gia, juu". Hapa ndipo msomaji humshinda fundi asiyeandika. Skrubu ndefu ikiingizwa mahali pa fupi hupasua plastiki. Na wakati wa kurudisha, usikaze mara moja. Skrubu hizi hujikatia njia zenyewe katika plastiki. Izungushe kwanza kinyume, polepole, mpaka uisikie ikidondoka kidogo katika njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Ukikaza bila hivyo, itakata njia mpya, na baada ya mara tatu tundu halitashika tena.

Toa vyombo vyote vya umeme. Piga vumbi kwa mswaki mkavu kwanza, maana vumbi likilowa huwa tope. Kisha osha plastiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Usitie petroli wala tina kwenye plastiki, kwa sababu huilainisha au kuipasua. Mafuta ya taa kidogo yanafaa kwa vyuma tu, mbali na moto. Ndani ya sanduku la gia utakuta grisi iliyoganda kama nta. Ikwangue kwa kijiti, upangushe, utie mpya kidogo kwenye meno ya gia. Kidogo, nasema. Grisi nyingi hukusanya mchanga, na mchanga hula meno.

Mahali pa betri za tochi, hasa katika kile chombo cha mkononi, mara nyingi utaona unga mweupe au wa kijani. Hiyo ni betri iliyovuja. Chovya pamba katika siki au maji ya ndimu, upake, ungoje kidogo, upanguse kwa kitambaa chenye maji, ukaushe kabisa. Unga huo huwasha ngozi. Usiuguse kwa mkono mtupu wala usijisugue macho.

Na kama chombo cha mkononi hakipo? Kwa aina ile ya pili ya gari jambo hilo si msiba, kwani chombo na kipokezi huuzwa pamoja vikiwa vipya. Magari mengi ya zamani yalitumia mawimbi ya megahezi 27, yenye urefu wa kama mita 11, ndiyo maana yalikuwa na antena ndefu. Vyombo vya siku hizi hutumia gigahezi 2.4, na wimbi lake lina sentimita 12 na nusu tu, kwa hiyo antena yake ni kijiwaya kifupi. Ukibaki na cha zamani, usikate waya wa kipokezi eti ni mrefu mno. Ukiukata, gari litasikia kwa umbali mdogo tu.

Betri ndiyo itakayokula fedha nyingi, na ndiyo yenye hatari. Gari kama Grasshopper hutumia betri ya volti 7.2, yaani seli sita za volti 1.2. Betri kuukuu iliyokuja na gari, ikiwa imevimba au imevuja, usiijaze umeme. Zile za zamani zina kadimiamu, nayo ni sumu. Usiichome moto wala usimpe mtoto aichezee. Nunua yenye maandishi NiMH. Watu watakushauri ununue ya lithiamu kwa kuwa ina nguvu zaidi. Mimi sikubali kwa gari la zamani. Betri ya lithiamu yataka kifaa cha kukata umeme inapopungua, na vibati vile vya shaba havijui kukata. Ikishuka kupita kiasi huharibika, na ikijazwa baadaye yaweza kuwaka moto. Hata hiyo ya NiMH ijazie juu ya sakafu ya saruji, si kitandani, nawe uwe karibu.

Matairi na rangi viache mwisho. Mpira wenye nyufa bado unakwenda. Bodi iliyopasuka ichomee tundu dogo mwishoni mwa ufa ili usiendelee, kisha gundisha kipande cha plastiki kwa nyuma. Mtoto hataona.

Sasa tugawe fedha. Tuseme una shilingi 100,000. Bei za kwenu zaweza kuwa nyingine. Mimi ningetoa 30,000 kwa gari, nisizidishe. Ningetenga 50,000 kwa betri na chaja. Zile 20,000 zinazobaki nisiziguse mpaka daftari linionyeshe ugonjwa. Muuzaji akitaka 60,000 kwa gari lisilo na betri, mwage kwa heshima, uende zako.

Kazi ya kuandika ni hii. Betri imeandikwa 2000 mAh, na chaja yako hutoa 200 mA. Gawanya 2000 kwa 200, utapata saa 10. Lakini betri hupoteza umeme kidogo inapojazwa, kwa hiyo mafundi huongeza mpaka saa 14. Chaja ya namna hii haijizimi yenyewe. Ukianza saa 12 jioni, uandike katika daftari utaichomoa saa ngapi. Kisha fanya hesabu hiyohiyo kwa betri ya 3000 mAh na chaja ya 300 mA. Mwenye betri au chaja nyumbani aje nayo darasani juma lijalo, tusome pamoja yaliyoandikwa juu yake.