Hamira Iliyofundishwa Kutengeneza Dawa ya Malaria

Mtu mzima akiandikiwa dawa mseto ya malaria hupewa vidonge 24: vinne asubuhi na vinne jioni kwa siku tatu, tena huambiwa avimeze pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Tanzania Bara ilianza kutumia dawa hiyo mwaka 2006, baada ya klorokwini na kisha SP kushindwa na vimelea vilivyokwisha kuzizoea. Nguvu ya mseto hutokana na artemisinini, kemikali ambayo mtafiti wa China, Tu Youyou, na wenzake waliipata kwenye majani ya artemisia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Tatizo ni kwamba mmea wenyewe ni bahili. Artemisinini kwa kawaida ni asilimia moja hivi ya uzito wa majani makavu, mara nyingi pungufu ya hapo, na tangu mkulima apande hadi kidonge kimfikie mgonjwa hupita zaidi ya mwaka. Mahitaji yalipopanda ghafla mwaka 2005, bei ya kilo moja ilivuka dola 1,000 za Marekani. Wakulima wakaitikia, wakiwamo wa Afrika Mashariki, lakini ilipofika mwaka 2007 bei ilikuwa imeporomoka hadi karibu dola 200. Dawa ikiadimika, mgonjwa huumia. Ikijaa, mkulima hupata hasara.

Suluhisho moja lilitafutwa mbali na mashamba hayo, huko Berkeley, California. Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley ilianzishwa mwaka 1931 na mwanafizikia Ernest Lawrence kwa ajili ya kuchunguza kiini cha atomu, lakini sasa bayolojia nayo ina nafasi kubwa humo. Jay Keasling, mhandisi wa kemikali wa maabara hiyo na wa Chuo Kikuu cha California, alitaka kujua kama kijidudu kinaweza kufanya kazi ya mmea.

Kijidudu kilichochaguliwa hatimaye ni hamira, ya jamii ileile inayoumua maandazi. Ndani ya kila seli yake kuna vimeng'enya vinavyogeuza sukari, hatua kwa hatua, kuwa mafuta ya kujengea utando wa seli. Katikati ya safari hiyo hutokea kemikali iitwayo kwa kifupi FPP. Artemisia nayo huanzia kwenye FPP inapotengeneza artemisinini, kwa hiyo nusu ya kazi hamira ilikuwa ikiijua tayari.

Watafiti waliibana njia inayopeleka FPP kwenye mafuta ya utando, wakaongeza kasi ya kuizalisha, kisha wakapandikiza jeni za artemisia. Kimeng'enya cha kwanza hugeuza FPP kuwa amorfadieni, na cha pili huongeza oksijeni na kutoa asidi ya artemisini. Hatua ya mwisho, ya kuigeuza asidi hiyo kuwa artemisinini, haifanywi na hamira. Hiyo ni kazi ya wanakemia, wanaotumia oksijeni na mwanga wa taa kali.

Mwaka 2006 hamira hiyo ilitoa miligramu 100 za asidi kwa lita moja, kiasi kisichotosha kuendesha kiwanda. Kwa msaada wa dola milioni 42.6 uliotolewa mwaka 2004 na Taasisi ya Bill na Melinda Gates, kazi iliendelezwa na kampuni ya Amyris, aliyoianzisha Keasling na wenzake. Kufikia mwaka 2013 lita moja ilitoa gramu 25, yaani mara 250 ya ile ya awali. Mbinu mojawapo ilikuwa kumimina mafuta maalumu katika pipa la kuchachushia: asidi inayotoka kwenye seli huingia katika mafuta hayo, na kuivuna kukawa rahisi.

Mwaka huohuo Sanofi ilianza uzalishaji katika kiwanda chake cha Garessio, Italia, na mwaka 2014 dozi za kwanza zikasafirishwa kuja Afrika. Lakini artemisinini ya shambani ilikuwa imeshuka tena, kilo ikauzwa chini ya dola 250, ilhali Sanofi isingeweza kuuza yake chini ya dola 350 bila hasara. Mwaka 2015 kiwanda hakikutengeneza hata kilo moja, na mwaka uliofuata kikauzwa.

Kusema kwamba kazi yote ilikwenda bure ni kukosea. Ujuzi wa kuielekeza hamira ulihamia kwenye utafiti wa nishati: mwaka 2011 taasisi ya JBEI, inayoongozwa na maabara hiyohiyo, ilitumia vijidudu kutengeneza malighafi ya mafuta yanayoweza kushika nafasi ya dizeli. Tena vimelea vilivyoanza kuistahimili artemisinini vimekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na Tanzania, hivyo ipo siku tutahitaji dawa nyingine na njia ya kuitengeneza haraka.

Maabara ilitimiza wajibu wake. Kilichoishinda ni bei ya soko. Vyuo vyetu vinavyojenga maabara za bioteknolojia vijifunze hapo: siku ya kuandika andiko la utafiti, mchumi na mkulima nao waitwe mezani.