Programu Huria: Ni Bure, Lakini kwa Masharti Gani?



Kamati inapopanga kununua kompyuta za zahanati au shule, swali la programu hufuata mara moja. Wengi hushauri programu huria. Hizi ni programu ambazo msimbo wake, yaani maelekezo yanayoiongoza kompyuta, uko wazi. Kila mtu anaruhusiwa kuutumia, kuurekebisha na kuugawa. Kwa njia hiyo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004.

Hata hivyo, programu huria hazina leseni ya aina moja.

Ng'ombe wa namna mbili

Wengi wetu hapa Mbulu na Hanang' tunaifahamu miradi ya kopa ng'ombe lipa ndama. Familia hupewa mtamba, na ndama jike wa kwanza huenda kwa jirani, ambaye naye hupokea kwa sharti lile lile. Leseni ya GPL, iliyoandikwa na Richard Stallman wa Marekani mwaka 1989, inafanana na hiyo. Ukiirekebisha programu na kumpa mwingine, sharti apate na msimbo wake pamoja na uhuru ule ule uliopewa wewe. Wataalamu huita sharti hili kopilefti.

Namna ya pili ni ng'ombe wa zawadi. Leseni ya BSD, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, inadai hasa kwamba tamko la haki za mwandishi na maneno ya leseni yasiondolewe. Baada ya hapo unaweza kurekebisha, kuufunga msimbo na kuuza.

Zote mbili zimefika nchini. Care2x, iliyotumika katika baadhi ya hospitali za KKKT, ina leseni ya GPL. DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Oslo, ambayo Wizara ya Afya huitumia kukusanya takwimu za vituo vya afya, ina leseni ya BSD.

Ipi inafaa?

Watetezi wa GPL husema kilichojengwa kwa mchango wa wengi kisifungiwe na mmoja. Watetezi wa BSD hujibu kwamba masharti machache huvuta kampuni na serikali nyingi, na wanaoitumia wakiwa wengi, wa kuitunza nao huongezeka.

Kwetu suala ni fedha za sadaka na za wafadhili. Tuseme parokia inamlipa fundi aongeze sehemu ya bima ya afya kwenye programu ya zahanati. Kama leseni ni BSD, anaweza kukabidhi programu inayofanya kazi huku msimbo akibaki nao. Akihama, marekebisho yanayofuata yatalipiwa upya tangu mwanzo. Kwa GPL hawezi kuwanyima msimbo wa programu aliyowakabidhi. Lakini akiiweka kwenye mtambo wake nanyi mkaitumia kwa intaneti tu, GPL ya kawaida haimbani. Ndiyo maana ilitolewa leseni ya AGPL, inayofunika matumizi ya namna hiyo.

Kabla ya kusaini mkataba, kamati ihakikishe umeandikwa mambo matatu:

1. Jina la leseni ya programu.
2. Msimbo wote, pamoja na marekebisho, ukabidhiwe kabla ya malipo ya mwisho.
3. Parokia nyingine ziruhusiwe kuutumia.

Ng'ombe akitolewa, zizi hupungua. Programu ikinakiliwa, ya kwanza inabaki nzima, hivyo gharama iliyolipwa na parokia moja inaweza kuzihudumia nyingi.