Ukimya wa Kanungu

Tunazoea kusema kwamba madhehebu potovu huwateka watu kwa maneno matamu. Kisa cha Kanungu, Uganda, karibu na mpaka wetu, kimenionyesha kwamba huwashika kwa kuwanyima maneno.

Kundi la Kurudisha Amri Kumi za Mungu, la Credonia Mwerinde na Joseph Kibwetere, liliwavuta hasa Wakatoliki kwa habari za kutokewa na Bikira Maria. Aliyeingia aliuza mali akalipatia kundi fedha. Mume na mke wakatenganishwa. Kisha mazungumzo yakazuiwa, eti wasivunje amri ya kutoshuhudia uongo; siku nyingine waliwasiliana kwa ishara tu.

Naona hapo ndipo mtego ulipofunga. Shaka isiyosemwa haipati mwenzake: kila mmoja hudhani anasita peke yake.

Mwisho wa dunia uliotabiriwa kwa 31 Desemba 1999 haukuja, na wengine wakaanza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000, mamia waliteketea ndani ya jengo la ibada lililopigiliwa misumari.

Ukialikwa kwenye kundi la sala, uliza swali moja mbele ya wote, kisha tazama linavyopokewa.