Umusambi: Kuhesabu Korongo wa Rwanda

Wasomaji wetu, katika somo la ngeli tuliulizwa: umusambi wa Kinyarwanda ni ndege gani kwa Kiswahili? Ni korongo, na kwa ukamilifu korongo taji, kwa ajili ya shungi la rangi ya dhahabu kichwani. Ndiye yule wa bendera ya Uganda. Wingi ni makorongo, lakini kwa kuwa ana uhai tunasema "makorongo wawili wametua", si "mawili yametua".

Swali lililofuata lilikuwa gumu zaidi: wamebaki wangapi?

Sensa ya nchi nzima ilianza mwaka 2017, ikiongozwa na shirika la RWCA la daktari wa wanyama Olivier Nsengimana. Walihesabiwa 487. (Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda, hivyo kwetu haukosi kukumbukwa.) Idadi ilikuwa ndogo kwa sababu vinamasi vililimwa, na makinda yalichukuliwa yakafugwa kuwa pambo la bustani majumbani na hotelini, hata hapa Kigali. Korongo aliyekatwa mabawa huvutia wageni, lakini ni nadra azae. Kuanzia mwaka 2014 waliofungwa walianza kusajiliwa, na walioweza kuruka wakapelekwa Hifadhi ya Akagera wakiwa na pete za rangi miguuni.

Kuhesabu kwenyewe hufanywa juu na chini. Ndege ndogo inapita juu ya mabonde kutafuta ndege mkubwa anayepita chini yake; hapa wanafunzi wataona kwa nini tunasisitiza upatanisho wa kisarufi! Chini wapo wakazi wa vijijini waliopewa mafunzo, wanaojua korongo hulala wapi na hula shamba gani. Kinamasi kama Rugezi, kaskazini, kimejaa matete marefu, na asiye mwenyeji hupita karibu na kiota asikione.

Shida kubwa ni kumhesabu mmoja mara mbili. Korongo aliyeonekana asubuhi bondeni anaweza kuwa ng'ambo ya kilima mchana. Ndiyo maana kazi hubanwa katika siku chache, na saa ya kumwona ni muhimu kama idadi. Makinda, ambayo bado hayana mashavu meupe wala shungi kamili, yafaa yaandikwe peke yake, kwani ndiyo yanayoonyesha kama wazazi wanazaa.

Kufikia mwaka 2023 hesabu ilikuwa imepita 1,000. Tunafurahi, ingawa tunadhani sehemu ya ongezeko hutokana na wahesabu kuzoea kazi.

Wasioweza tena kuruka wanatunzwa Umusambi Village, hapa Kigali, na yafaa kuwatembelea kabla ya kwenda kinamasini. Ukimwona wa porini, andika tarehe, saa, mahali, wazima wangapi, makinda mangapi, na rangi ya pete kama ipo. Tafadhali usiandike "wengi".