Irimũ na Wimbo wa Njiwa: Mchezo wa Kutisha katika Ngano za Murang'a

Neno la Kikuyu irimũ lina asili moja na neno la Kiswahili zimwi. Hata hivyo, irimũ wa ngano za Murang'a na Nyeri asichukuliwe kuwa ni kiumbe cha kutishia watoto tu. Yeye ni nguzo ya mchezo wa maneno wenye kanuni zake.

Mara nyingi ngano zilisimuliwa jioni pamoja na vitendawili. Mtegaji alisema "Gwata ndaĩ", naye mteguaji akajibu "Ndagwata", kama Waswahili wasemavyo "Kitendawili" na "Tega". Kwa njia hiyo hadhira ilizoezwa kutafuta maana iliyofichwa.

Mfano mzuri ni ngano ya mhunzi. Mhunzi amekwenda kufua chuma mbali; huku nyuma mkewe anajifungua, na irimũ anajitia mkunga. Kila apikapo humwonyesha mzazi chakula, kisha hudai kwamba amekikataa, akakila mwenyewe. Mwanamke anampa njiwa mbegu za mbarika, naye njiwa anaruka hadi penye mivukuto akaimba habari za nyumbani. Mhunzi anarudi kwa siri na kumwua irimũ.

Yafaa kuzingatia mambo matatu. Kwanza, hofu haitokani na meno ya irimũ, bali na kauli zake: huua kwa njaa huku akisema maneno ya ukarimu. Pili, wimbo huitikiwa na hadhira. Hivyo wasikilizaji, ambao wanajua asilolijua mhunzi, huwa ndio sauti ya njiwa. Tatu, mandhari si pambo. Katika nchi hiyo wahunzi waliyeyusha chuma kutokana na mchanga mweusi wa mitoni, na mbarika ulijulikana na kila mtu. Kwa hiyo hatari iliingia katika nyumba aliyoifahamu msikilizaji.

Ngũgĩ wa Thiong'o alimtumia irimũ katika Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980), riwaya iliyotolewa kwa Kiswahili kwa jina la Shetani Msalabani (1982). Humo mkulima anambeba irimũ mgongoni, na kucha zake zimemzama mwilini. Mzigo huo ni mfano wa unyonyaji.

Basi mkusanyaji anayeandika kisa na kuuacha wimbo huhifadhi habari za mchezo, si mchezo wenyewe. Msomaji ataambiwa kwamba njiwa aliimba, lakini hatapata nafasi ya kumwitikia.