Dakika Moja ya Kuhesabu Pumzi

Mama amefika zahanati asubuhi na mapema, mtoto wa miaka miwili mgongoni, mwili unachemka na kikohozi hakimpi nafuu. Foleni imejaa hadi barazani. Kipimo cha malaria kimetoka hasi. "Dokta, nisaidie dawa ya kikohozi," anaomba. Tabibu ana dakika chache tu, na mkono wake umeshazoea njia: anaandika amoksilini.

Vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi, na antibayotiki haiui virusi. Dozi isiyohitajika huua bakteria dhaifu, ikawaachia walio sugu nafasi ya kuzaana. Siku mtoto anapopata nimonia ya kweli, dawa inaweza kugoma.

Ndiyo sababu watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), Mbeya, wakishirikiana na wenzao wa Uswisi, waliandaa ePOCT+, programu ya kwenye kishikwambi inayoongozana na tabibu hatua kwa hatua. Inauliza umri na uzito. Inamtaka ahesabu pumzi kwa dakika nzima, kwani mtoto wa miaka miwili akifikisha pumzi 40, anapumua haraka kupita kawaida. Kifaa kidogo kinabana kidole kupima oksijeni. Tone la damu linapimwa kiwango cha protini ambayo hupanda sana mwili unapopambana na maambukizi makali. Ndipo programu inapopendekeza tiba, na dawa ikihitajika, inakokotoa dozi.

Tuseme mtoto wetu amehesabiwa pumzi 32, oksijeni ni nzuri na protini ile iko chini. Anarudi nyumbani na parasetamoli, na mama ameelezwa dalili za kumrudisha haraka: kupumua kwa shida, kushindwa kunyonya au kunywa, degedege.

Kuanzia Desemba 2021 hadi Oktoba 2022, programu hii ilijaribiwa katika vituo 40 vya Mbeya na Morogoro. Kwenye vituo vya huduma ya kawaida, antibayotiki ziliandikwa katika mahudhurio 70 kati ya kila 100. Vilivyotumia ePOCT+, pamoja na vipimo vyake na usimamizi wa karibu, viliandika katika 23 tu. Siku ya saba watoto walifuatiliwa, na wasiopona hawakuwa wengi zaidi.

Hata hivyo, kompyuta peke yake haimlindi mgonjwa. Mwaka 2013, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kijana wa miaka 16 aliyestahili kidonge kimoja alimezeshwa vidonge 38 na nusu. Daktari aliandika 160 akikusudia miligramu. Mfumo ulisoma miligramu kwa kila kilo, ukazidisha kwa uzito wake. Onyo lilitokea kwenye skrini, likapita bila kuzingatiwa, kwa kuwa maonyo yasiyo na uzito yalikuwa yamewachosha wahudumu. Kijana alipatwa na degedege, lakini alinusurika.

Hapo ndipo ninapoona thamani ya kishikwambi cha Mbeya. Swali lake linakuja kabla dawa haijaandikwa, wakati tabibu bado anamtazama mtoto. Macho yake yanabaki kifuani pa mtoto huyo kwa dakika nzima, akihesabu. Kila mtoto anayekohoa anastahili dakika hiyo.